Mgongo wa Mtu Kituoni

Azza, matanga ya mama, ilipokwisha na wageni wakatawanyika, wadogo zangu walinisukumia mimi kazi ya kufungua kasha la mama. Walisema mimi ndiye mkubwa. Hiyo ndiyo sababu yao kila panapotokea jambo zito, na miaka yote hii sijapata kuishinda.

Kasha lenyewe mama alilinunua Matrah, mji wa jirani na Maskati, kwa sababu lilifanana na la mamaake lililobaki Unguja. Nilipoinua kifuniko, kwanza ilinijia harufu ya karafuu, halafu kafuri, halafu udi uliozeeka. Juu palikuwa na khanga ambazo hazijavaliwa, jozi kwa jozi, hata pindo hazijashonwa. Chini kabisa, ndani ya leso ya kiume, nikaikuta ile darubini.

Sisi tukiiita darubini, ingawa haikuwa na uwezo wa kuleta karibu chochote. Ni kidude cha plastiki nyeusi, ukubwa wa kiganja, upande mmoja kina tundu lenye kioo cha kutazamia na upande wa pili kioo cheupe cha kuingiza mwanga. Unachomeka kipande cha filamu kilichotiwa fremu ya karatasi, unakielekeza dirishani, unafumba jicho moja, na unaona mji. Mdogo wangu wa mwisho akauliza, "Hiki ndo nini?" Nikakaa chini palepale mbele ya kasha nikalia kwa kelele, mimi ambaye siku zote za azza nilikuwa nikiwaambia wenzangu wanyamaze.

Nyinyi wa rika langu, mliokulia Maskati ile ya milango na fanusi, hamna haja ya kuelezwa. Lakini wadogo zangu walizaliwa barabara zina taa. Na isitoshe, wao baba yao ni mwengine. Kwa hiyo nnaandika.

Baba yangu, Khalfan, alikwenda Polandi mimi nikiwa bado nalala kitanda kimoja na mama. Alipata nafasi ya kwenda kusomea ufundi wa mashine, akasema atarudi kabla sijajua kusoma. Wakampeleka mji ambao hata Wapolandi wenyewe, nimekuja kujua baadaye, ukiwatajia wanakuuliza unakwenda kufanya nini huko. Unaitwa Grudziądz. Mama hakupata kulitamka jina hilo. Akisema tu "mji wa babaako", na sisi tulijua.

Darubini ilifika Unguja mkononi mwa rafiki yake aliyekuja likizo, pamoja na picha tatu. Moja ya mto mpana na kando yake maghala marefu ya matofali mekundu yamepangana kama watu waliosimama safu ya sala. Moja ya kanisa. Na moja ya barabara nyeupe tupu, paa nyeupe, miti myeupe. Nikamuuliza mama kama na wao huko hupaka chokaa mji mzima ikikaribia Idi. Akasema naam, lakini wao wanapaka mpaka miti.

Kisha Unguja ikageuka. Yaliyotokea mnayajua, na mengine sitaki kuyaandika hapa. Tulipanda meli na tulichovaa. Mama alipoteza bangili, akapoteza cheti cha ndoa, akampoteza shangazi yangu mmoja bandarini ambaye hatukumwona tena, lakini darubini aliitia kifuani na ikafika. Maskati tulipokewa na ami yake, ambaye mimi nikimwita Babu Saif. Alikuwa na nyumba ndani ya ukuta, karibu na mlango mkubwa wa mji, na alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu baadaye mtamchukia, na mimi nimemchukia zaidi yenu.

Maskati haikututaka sana. Watoto wa mtaani walitucheka Kiarabu chetu. Skuli ya wasichana haikuwepo, na mimi Unguja nilikuwa nimeshaanza kusoma. Usiku ukiingia ngoma inapigwa ngomeni, milango inafungwa, na anayetembea baada ya hapo lazima achukue fanusi, aishike karibu na uso wake askari wapate kumjua. Ndani ya nyumba tulikuwa na joto, nzi, papa mkavu, na khofu ya Babu Saif.

Khofu yake ilikuwa Polandi. Mama alipofika tu alimwambia, "Mume wangu yuko Polandi, nnataka kumwandikia." Babu Saif akatazama mlango kama mtu aliyesikia hatua. "Zuwena mwanangu," akasema, "nchi hiyo usiitaje humu. Ni ya makafiri wasiomjua Mungu, na serikali hapa ikisikia tuna mtu huko, mimi jela, nyinyi mnarudishwa baharini." Mama akamuuliza atajuaje basi tuko wapi. Babu akasema, "Mungu atamjulisha." Na ndivyo tulivyobaki. Baba alikuwa na pasi ya serikali isiyokuwepo tena, katika nchi isiyotajwa, na sisi tulikuwa mahali asipopajua.

Mama alisubiri. Nilimwona anavyosubiri, na nakwambieni si jambo la kukaa kimya na tasbihi. Alikuwa akigombana na masufuria. Akisikia mtu kabisha hodi, alikuwa akiacha unga kwenye maji na kukimbia. Akarudi, akautazama ule unga, akaumwaga, akaanza upya. Mwaka ukapita hivyo, na mwengine.

Siku moja akabisha hodi mzee mmoja wa jirani aliyekuwa ametoka Hija. Alileta zamzam, na tende za Madina, na kitu kidogo ndani ya leso ya kiume. "Hii ya mke wa Khalfan," akasema. Alikuwa amepewa Makka na kijana mmoja wa Kizinjibari anayesoma Misri, naye kijana alikuwa amepewa na mwengine. Jina la kijana limemtoka. Neno hakupewa, barua hakupewa. Mama akaifungua ile leso. Ndani ilikuwa picha ya darubini, moja.

Tulikwenda dirishani sote wawili, tukigombania. Mama akatazama kwanza. Alitazama muda mrefu, nikawa namvuta nguo. Kisha akanipa.

Niliona barabara, na reli zimelazwa katikati ya barabara, na juu ya reli gari refu, jekundu chini na rangi ya samli juu, linakuja. Mbele lina taa moja. Mbele ya gari, karibu na nguzo, amesimama mtu na koti refu na kofia, mkoba mkono wa kushoto, ametupa mgongo.

"Baba," nikasema. Nilisema tu. Mama akanitazama usoni, akajibu, "Ndiye."

Babu Saif aliitazama jioni ile, baada ya kukataa mara kadhaa. Aliwahi kufanya biashara Bombay. "Hii tramu," akasema, na uso wake ukalainika nikaona alivyokuwa kijana. "Bombay zilikuwepo. Unapanda huku unashuka kule, inakwenda kwa umeme." Halafu akakumbuka picha imetoka wapi, akaniambia niifiche.

Kuanzia hapo nikawa nakwenda Polandi kila siku. Asubuhi baada ya chuo cha Kurani nakaa dirisha la juu, nafumba jicho, nachungulia kama baba amekwisha panda. Bado. Tramu inakuja, imekaribia, na yeye anangoja. Mimi niliamini ile darubini inaonyesha yanayotokea sasa hivi. Kwamba nikiiacha tu, tramu inasogea, na nikirudi inanisubiri. Ile taa moja mbele nilijua ni ya nini. Niliona na wao wana amri ya fanusi, na gari pia limeambiwa lishike taa karibu na uso. Na juu ya tramu palikuwa na fimbo imeshika waya, na waya umekwenda mpaka mwisho wa picha. Hilo ndilo lililonitesa. Tramu ilikuwa imefungwa kamba, kama mbuzi wa Babu Saif uani. Mbuzi yule alikuwa akizunguka mpaka kamba inapokwisha, basi.

"Mama," nikamuuliza, "kamba ikikatwa, baba atakuja?"

"Itakatika siku yake," akasema. Alikuwa anachambua mchele. Nikaona anachambua palipokwisha chambuliwa.

Sasa nieleze sharia, maana wengine mmesahau. Mwanamke ambaye mumewe amepotea hangoji milele. Husubiri miaka minne tangu khabari ya mwisho. Ikipita, kadhi humhukumu yule mume kuwa amekufa, mke hukaa eda ya kufiwa, na eda ikisha yu huru kuolewa. Ni rehema, wanasema, na kwa wengi ni rehema kweli. Babu Saif alikuwa anahesabu tangu khabari za Unguja. Alikuwa amezeeka, kifua kinambana, na aliogopa kufa akamwacha mama na mimi hatuna mlango. Na alikuwa na mwanawe Hilal, aliyekuwa na duka la nguo Matrah, mtu mpole, mjane. Kila kitu kilikuwa tayari, kimebaki kiti cha sheikh, kadhi wetu.

Mama alipinga kwa jambo moja tu: ile picha. Alimwambia Babu kwamba picha ni khabari. Kama mume wake amesimama katika picha iliyofika Maskati mwaka ule, basi alikuwa hai, na miaka minne ianze kuhesabiwa upya toka hapo. Babu Saif alikasirika, lakini hakuweza kulikataa. Akasema, "Haya, tumwachie sheikh."

Sheikh alikuja alasiri. Akaketi sebuleni na Babu Saif na Ami Hilal, na yule mzee wa Hija. Mama alikaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, na mimi nikakaa miguuni pake. Sheikh alikuwa mzee sana, sauti yake ya chini, na hakuwa na haraka. Alimuuliza mzee wa Hija kama anamjua kijana aliyempa. Hamjui. Kijana alipewa na nani? Hajui. Kuna maneno yaliyoletwa? Hakuna.

"Basi ilete hiyo picha," akasema.

Mimi ndiye niliyeipeleka. Nilitoka nyuma ya pazia nikaenda mpaka mkekani pake, nikambusu mkono, nikampa. Akaishika kinyume. Nikamgeuzia. Nikamwelekezea dirishani kwa kidevu. Alitazama, akatabasamu kidogo kama Babu Saif alivyotabasamu, kisha akaiteremsha.

"Naona mtu," akasema. "Sioni uso. Bibi Zuwena, unanisikia?"

"Nakusikia, sheikh."

"Picha haisemi. Wewe unaweza kusema. Ukiapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa huyu ni Khalfan mumeo, kwangu itakuwa khabari, na mimi nitainuka hapa na tutangoja. Mrudishie mamako, mwanangu, atazame."

Nikarudi nyuma ya pazia nikambandika darubini mkononi. Nilikuwa nafurahi. Jambo lilikuwa jepesi hivyo. Mama aseme neno alilokwisha nambia mimi. Akaielekeza kwenye upenyo wa mwanga. Akatazama. Nikasikia mbuzi uani anatafuna.

"Sheikh," mama akasema, "siwezi kuapa."

"Humjui?"

"Siwezi kuapa."

Nilisimama nikafunua pazia mbele za wanaume, nikapiga kelele kuwa ndiye, mama mwenyewe ameniambia ndiye, na mimi namwona kila siku anangoja tramu. Ami Hilal akaangalia chini. Sheikh hakunikemea. Aliniita karibu, akanishika bega.

"Unamkumbuka babako, mwanangu?"

"Namkumbuka."

"Niambie uso wake ulivyo."

Nikafungua mdomo. Wallahi hapakuwa na kitu. Niliutafuta ule uso, nikaona koti, nikaona kofia, nikaona mkoba mkono wa kushoto. Nilikuwa nimemtazama yule mtu wa kituoni mpaka uso wa baba umenifutika. Nililia hapo kwa sababu mbili, na moja tu ndiyo waliyoielewa.

Mama alikaa eda ya mtu ambaye, mimi nilijua, yuko hai na amesimama barabarani. Alivaa nyeupe, hakutia wanja, hakutoka. Eda ilipokwisha akaolewa na Ami Hilal. Hapakuwa na ngoma. Ami Hilal alinishonea gauni la rangi ya zambarau, akaniletea pia kalamu na karatasi akanifundisha hisabu mwenyewe jioni, kwa kuwa skuli hakuna. Nilikuwa namwitikia "labeka" na ndani namtakia mauti. Lakini yeye nilimchukia kidogo tu. Niliyemchukia hasa ni mama. Neno moja tu lilitakiwa kwake. Alikuwa amenambia mimi, akashindwa kumwambia sheikh. Niliacha kula alichopika. Nikila kwa mke wa jirani, nikarudi nikilala chali namtazama akizima taa. Naye hakujitetea hata siku moja. Akachukua mimba, akajifungua mtoto wa kike.

Mtoto hajatambaa, mambo yakageuka tena. Mfalme mpya akakaa, milango ya mji ikaachwa wazi usiku, fanusi watu wakazitia stoo, na redio ikasema Waomani walioko nje warudi wajenge nchi. Wakaanza kurudi, mmoja leo, wawili kesho. Wengine wana shahada, wengine wana wake wa Kizungu. Mama aliacha kusikiliza redio. Ikiwashwa alikuwa akitoka chumbani.

Khabari alileta Ami Hilal mwenyewe, kutoka dukani. Alivua kilemba, akakikunja, akasema bila kumtazama mtu, "Khalfan anakuja. Yuko Bahreni." Mama alikuwa ananyonyesha. Nilimwona anavuta khanga ikamfunika yeye na mtoto mpaka kichwani, wakakaa humo.

Nilikwenda uwanja wa ndege wa Ruwi na Babu Saif, ambaye ilibidi ashikwe mkono. Wakashuka watu. Akaja mbele yetu mtu mfupi, mvi masikioni, miwani, koti limekunjwa mkononi katika joto lile, harufu ya sigara. Akanitazama, midomo yake ikacheza. Akaniita kwa jina la kitoto ambalo hapana mtu Maskati aliyelijua.

Na mimi sikumjua. Nilimtazama usoni nisione chochote cha kushika. Basi nikamwambia, "Baba, geuka."

"Nini?"

"Geuka, nikuone."

Akageuka, maskini, katikati ya watu na mizigo. Mgongo wake ulikuwa mwembamba na bega la kulia limeshuka, kama mtu aliyetua mzigo mmoja akasahau mwengine. Haukuwa ule mgongo. Nilisimama pale jua linanipiga, na nadhani nilikwisha jua, ila nilikuwa sitaki.

Jioni, nyumbani kwa rafiki yake alikofikia, nikampa darubini. Akacheka kwa furaha kuiona. Akaenda dirishani, akafumba jicho.

"Iliwafikia," akasema. "Alhamdulillahi. Nilikuwa sijui kama ilifika. Hii ndo tramu yangu, mwanangu. Asubuhi kwenda kiwandani, jioni kurudi. Inapita katikati ya mji mkongwe, vichochoro kama vya Unguja, ukinyoosha mkono unagusa ukuta. Nikipanda kila siku nasema laiti mngeiona hii."

"Na yule mtu?"

"Yupi?"

"Anayengoja."

Akatazama tena. "Huyu simjui. Mpita njia. Mimi ndiye nnayepiga picha."

Nikamuuliza kwa nini hakusimama yeye. Nilimuuliza kwa ukali, na yeye akanijibu taratibu kama anajibu mtu mzima. Alikuwa amejua kwa watu wa Misri kuwa tuko Maskati, na kwamba barua kutoka kule hazifiki. Akaogopa. Karatasi yenye maneno ingemfunga aliyeibeba. Picha yenye uso wake, mtu akiijua, ingetufunga sisi. Picha ya barabara haina neno na mtu. "Nilijitoa makusudi," akasema. "Nikajua mkiiona tramu mtajua ni mimi."

Sikumwambia picha ile ilivyotuamulia sebuleni. Alikuja kuambiwa na watu, kama kawaida yetu, na waliomwambia hawakuacha kitu.

Sharia ina jengine. Aliyepotea akirudi akamkuta mkewe ameolewa, hupewa khiari: amchukue mkewe, au aache na arudishiwe mahari. Sheikh akaja tena, safari hii amebebwa kitini. Sebule ileile. Mama nyuma ya pazia lilelile, na mimi miguuni pake, na mdogo wangu mapajani pake anakohoa. Sheikh alilia kabla hajasema. Alimwomba baba radhi. Baba akasema, "Ulihukumu ulichokiona, sheikh."

"Basi khiari yako."

"Nnataka kusikia kwake."

"Haulizwi yeye, Khalfan. Unaulizwa wewe."

Nikamtazama mama. Alikuwa ameuma khanga yake kwa meno, na machozi yanamtiririka mpaka shingoni bila sauti yoyote, na mkono wake mmoja unampigapiga mtoto mgongoni. Nilikuwa namwomba moyoni aseme kitu. Mara ya pili katika sebule ile namwomba aseme.

Ami Hilal ndiye aliyesema, kule mlangoni. "Akimtaka, mimi sina neno. Mtoto bado ananyonya, hilo tu."

Mtoto akakohoa tena. Baba akasikia. Akasema, "Mwacheni na mwanawe na mumewe. Mahari siyataki." Akainuka akatafuta viatu vyake, akavaa kimoja kinyume, akatoka navyo hivyo.

Alikuja kujenga Ansab, nje ya Maskati, nyumba ndogo yenye shamba la ndimu. Alifanya kazi ya umeme, akazeeka, hakuoa. Mama hakupata kuonana naye tena. Lakini kila Idi na kila Ramadhani mama alikuwa akipakua sahani moja ya kwanza, mkate wa kumimina au sambusa, anaifunika, ananipa mimi. "Peleka," anasema. Hasemi wapi. Ami Hilal, Mungu amrehemu, alikuwa akinitolea gari mwenyewe. Na kwetu sahani hairudishwi tupu, kwa hiyo baba alikuwa akiijaza ndimu. Mama akiipokea anazihesabu kwa vidole, hasemi, anazitia achari. Mpaka baba alipokufa ndivyo walivyozungumza.

Mwaka jana, mama amelala kitandani, pumzi zimekuwa fupi, nilimuuliza. Nilikuwa nimebeba swali hilo mpaka nikapata wajukuu.

"Ulijua lini kuwa si yeye?"

"Siku ileile," akasema. "Babaako bega la kulia limeshuka, alianguka mkarafuuni utotoni. Yule mtu alikuwa amenyooka."

"Mbona ulinambia ndiye?"

"Ulikwishasema baba. Ningekwambiaje?"

"Basi ungemwambia na sheikh. Uongo mmoja, mama. Ungetuokoa."

Akanitazama bila hasira. "Wewe nilikwambia. Mungu simwambii." Akapumzika. Kisha akasema, "Picha ilikuwa ya kwake, nilijua kama ninavyolijua jina langu. Ningeapa hilo mara mia. Sheikh hakuniuliza hilo. Aliniuliza yule aliyesimama mbele."

Baada ya kufungua kasha sikuweza kulala wala kula vizuri, na watoto wangu wakasema niende nikapumzike mahali. Nikawaambia nnakwenda Polandi. Walidhani huzuni imenipanda kichwani. Nikashuka Warsaw, nikapanda treni, nikafika Grudziądz mvua inanyesha. Mto upo, maghala mekundu yapo, yamepangana vilevile. Mwanamke mmoja wa kibanda cha magazeti nilimpa darubini, akaielekeza kwenye taa yake, akatoka na mwavuli akanipeleka mwenyewe mpaka pale. Nguzo ya kituo ni mpya. Nyumba za nyuma ni zilezile.

Nikasimama penye nguzo, aliposimama yule mtu. Sikuona kitu. Kisha nikavuka barabara, nikarudi nyuma kidogokidogo na darubini jichoni, mpaka nyumba za ndani ya kioo na nyumba za nje zikalingana, dirisha kwa dirisha, na mgongo wangu ukagusa ukuta. Hapo ndipo alipokuwa baba. Miaka yote ile pale dirishani Maskati nilikuwa nimesimama mahali pake, natazama kwa jicho lake, na mimi nikimtafuta ng'ambo ya barabara.

Nililia ukutani pale kama nilivyolia sebuleni. Tramu ikaja, taa yake mbele, ikasimama, ikafungua milango. Dereva akanitazama, akaningoja kidogo. Kisha akafunga, akaenda zake.